Shata kwanza: kupiga picha za michezo jioni ya mawingu Mbeya

Ligi ikikolea, kati ya Desemba na Aprili, sisi wa Mbeya tuko katikati ya mvua. Michezo ya shule ikianza, UMITASHUMTA kwa watoto wa msingi na UMISSETA kwa wa sekondari, tayari ni Mei na Juni, baridi imeshika, na ukivuka kwenda Njombe au Mufindi unakutana na ukungu. Kwa hiyo mpiga picha wa michezo wa Nyanda za Juu Kusini hana msimu wa mwanga mzuri wa kusubiri. Mechi inaanza saa 10 jioni, mawingu yameshalala juu ya mlima Loleza, na kufika dakika ya 60 mwanga wa uwanjani Sokoine umeshapungua hadi robo ya ule uliokuwepo timu zikipasha misuli. Macho yako hayatakwambia, maana yanajirekebisha yenyewe. Kamera ndiyo inayoumia.

Nina studio ndogo Mwanjelwa. Katikati ya wiki ni paspoti, sendofu na kipaimara. Jumamosi na Jumapili ni viwanjani. Vijana wanaokuja kujifunza kwangu huanza na swali moja: "Dada, niweke ngapi?" Wanataka namba tatu waziandike kwenye simu, wakirudi uwanjani waziweke na kusahau. Namba nitazitaja nyingi hapa, lakini nataka ushike kwanza mpangilio wa maamuzi: ipi unaiamua mwanzo, ipi inafuata, ipi unaiachia kamera. Mtu akijua mpangilio huo, namba anazipata mwenyewe hata kwenye uwanja ambao hajawahi kuukanyaga.

Mpangilio wangu ni huu. Kasi ya shata, yaani sehemu ya sekunde ambayo kamera inakaa wazi kupokea mwanga, naiamua mimi, kwanza, na siiuzi. Tundu la lenzi, linalopitisha mwanga, nalifungua hadi mwisho wake. ISO, yaani namba ya jinsi kamera inavyoukuza mwanga iliopata, inapanda itakapopanda. Wengi hufanya kinyume: wanaogopa chenga, zile chembechembe kwenye picha, wanaibana ISO isizidi 800, kisha kamera inashusha shata hadi 1/125 ili picha ipate mwanga. Wanarudi nyumbani na picha laini isiyo na chenga hata moja, ambayo mshambuliaji hana uso. Chenga unaweza kuzipunguza kwenye kompyuta, na mtazamaji wa kwenye simu hata haoni. Uso uliofutika kwa mwendo haurekebishiki kwa programu yoyote.

Sasa tuzungumze shata kwa undani, maana hapa ndipo picha inapopona au kufa.

Kwa mpira wa miguu naanzia 1/1000. Hapo mchezaji anayekimbia anaganda, mpira unaganda, hata nyasi zinazorushwa na daluga zinaonekana moja moja. Mwanga ukipungua nashuka hadi 1/800, kisha 1/640. Kwenye 1/500 uso bado unaweza kutoka vizuri, ila mguu unaopiga na mpira wenyewe vitaacha mkia. Mkia huo haunikeri, unaonyesha nguvu ya shuti. Chini ya 1/500 kwa mtu anayekimbia sishuki, labda nikiwa nimekusudia kitu kingine, nitakieleza mbele.

Namba hizo si amri kwa kila tukio. Mchezaji anayekukimbilia moja kwa moja anahitaji shata ndogo, yaani ya polepole, kuliko anayepita mbele yako kutoka kushoto kwenda kulia, kwa sababu kwenye fremu anahama kidogo tu. Winga anayekata pembeni yako mita tano kutoka kwenye chaki anahitaji 1/1000 na zaidi. Beki aliye upande wa pili wa uwanja anatosheka na 1/640. Netiboli ina vituo vingi: mtu akishadaka mpira haruhusiwi kutembea nao, na mfungaji hutulia kabla ya kurusha, kwa hiyo 1/640 inafaa sana. Wavu ni kinyume chake. Mkono unaopiga smashi ni wa haraka mno, nenda 1/1000. Ngumi vilevile: kwenye 1/500 glovu inageuka wingu jekundu. Na usidhani watoto wa msingi wanataka shata ndogo kwa kuwa ni wadogo. Miguu yao mifupi inapiga hatua nyingi kwa sekunde, na wanageuka ghafla kuliko wakubwa. Kwao siendi chini ya 1/800.

Kuna jambo linalowachanganya watu wengi hapa. Lenzi zenye kitulizi cha mtikisiko, zile zilizoandikwa IS kwa Canon au VR kwa Nikon, zinatuliza mkono wako wewe. Hazimtulizi mchezaji. Ukisoma kwenye boksi kwamba lenzi inakupa uwezo wa kupiga kwa 1/30 ukiwa umeshika mkononi, hiyo ni kwa jengo, mlima, au bwana harusi aliyesimama. Winga hajasoma boksi hilo.

Baada ya shata ni tundu la lenzi, na hapa mkoba ndio unaozungumza. Wengi wetu tumeanza na lenzi iliyokuja na kamera, ile ya 18-55 mm, pamoja na ya kuvutia mbali kama 75-300 mm au 55-250 mm. Hizi zote ukivuta hadi mwisho tundu linabaki f/5.6, na namba ya f ikiwa kubwa tundu ni dogo. Lenzi ya f/2.8 inaingiza mwanga mara nne ya f/5.6. Lenzi ya f/1.8 inaingiza karibu mara kumi. Maana yake, pale ambapo lenzi yako ya kuvuta inalazimisha ISO 12800, ya f/1.8 inaomba kama 1250 tu. Ile 70-200 mm f/2.8 unayoiona kwa wapiga picha wanaokuja na timu kubwa kutoka Dar es Salaam ni lenzi nzuri kweli, lakini bei yake inanunua pikipiki. Ushauri wangu kwa anayeanza ni 50 mm f/1.8, ambayo ni miongoni mwa lenzi za bei ya chini kabisa kwa kampuni nyingi, halafu akipata nguvu achukue 85 mm f/1.8. Kwenye kamera zetu za sensa ndogo (sensa ndiyo inayopokea picha ndani ya kamera), 85 mm inavuta kama 136 mm ya fulu fremu, zile za sensa kubwa, kwa Canon, na kidogo pungufu ya hapo kwa Nikon. Inatosha kabisa kwa netiboli, kikapu, ngumi, na eneo la penalti ukikaa nyuma ya mstari wa goli.

Kama una lenzi ya kuvuta tu, usikate tamaa. Kumbuka kwamba tundu lake linabadilika unavyovuta. Ile 75-300 mm ina f/4 upande wa 75, na inafika f/5.6 ukielekea 300. Kati ya f/4 na f/5.6 ni nusu ya mwanga. Kwa hiyo jioni ikiingia mimi husogea karibu badala ya kuvuta. Nahamia nyuma ya goli, upande ambao timu ninayoifuata inashambulia, natulia kati ya nguzo na kibendera cha kona, na naacha kabisa kupiga yanayotokea katikati ya uwanja. Napoteza nusu ya mechi kwa makusudi ili nipate nusu nyingine kwa ubora. Mechi za ligi hapo utahitaji kizibao cha waandishi na ruhusa ya msimamizi wa mechi. Kaombe mapema, kabla timu hazijafika. Kwa michezo ya shule, mwone mwalimu wa michezo, mweleze picha za watoto zinakwenda wapi, na akikataa picha fulani isitoke, isitoke.

Tundu likiwa wazi namna hiyo lina gharama yake. Kwa 85 mm kwenye f/1.8, mchezaji akiwa mita 10 kutoka kwako, sehemu iliyo kali ina kina cha kama mita 1 tu kwa kamera ya sensa ndogo. Fokasi ikimkosa mfungaji ikamshika beki aliye nyuma yake, umepata picha nzuri ya beki. Nitarudi kwenye fokasi.

ISO sasa. Njia ninayoitumia na ninayoifundisha ni kuweka kamera kwenye M, hali ya kupanga kwa mkono, nachagua shata na tundu mwenyewe, halafu ISO naiweka kwenye otomatiki. Wingu likipita au mchezaji akihama kutoka kwenye kivuli cha jukwaa kwenda kwenye mwanga, kamera inapandisha na kushusha ISO peke yake, na shata yangu haiguswi. Ingia kwenye menyu uweke kikomo cha juu cha ISO. Kwa kamera za kawaida za sensa ndogo mimi huweka 6400, na kwa fulu fremu za miaka ya karibuni 12800 bila hofu.

Kikomo chako mwenyewe ukipime nyumbani. Jioni, taa moja ikiwa inawaka, mpige mtu picha kwa 1600, 3200, 6400 na 12800, kila moja ikiwa na mwanga sahihi. Usizikague kwa kuzikuza kwenye skrini hadi uone vinyweleo. Zichapishe inchi 5 kwa 7, au zitazame kwenye simu kama mteja atakavyozitazama. Picha ya megapikseli 18 ina pikseli zaidi ya 5,000 upande mrefu. Ikipunguzwa hadi 1,080 ya mtandaoni, chenga nyingi zinachanganyika na kupotea. Utashangaa ni namba gani utaikubali.

Na hili naomba ulishike sana: chenga hazizaliwi na namba ya ISO. Zinatokana na uchache wa mwanga uliofika kwenye sensa. Mtu anayepiga kwa ISO 1600 picha ikiwa giza, akaenda kuing'arisha kwenye kompyuta, mara nyingi anapata chenga mbaya kuliko aliyepiga kwa 6400 mwanga ukiwa umekaa sawa. Kwenye kamera nyingi za zamani, giza lililonyanyuliwa linatoa madoa ya rangi na mistari juu ya nyuso zetu, na ngozi nyeusi ndiyo inayoonyesha zaidi. Bora ISO ya juu yenye mwanga sahihi kuliko ISO ya chini yenye giza.

Hapo ndipo suala la fidia ya mwanga linapoingia, yaani kuiambia kamera iongeze au ipunguze mwanga kuliko ilivyopima. Kipimo cha mwanga cha kamera hakijui kwamba unapiga mtu. Kikiona anga jeupe la mawingu nyuma ya mchezaji kinadhani tukio zima ni jeupe kupita kiasi, kinapunguza mwanga, na uso wa kijana wetu unageuka kivuli. Ukungu unafanya hivyohivyo kwa ukali zaidi. Siku ya mawingu naongeza fidia theluthi mbili za stopu (stopu moja ni mwanga maradufu), anga likiwa nyuma ya mchezaji naongeza stopu 1 nzima. Anga likiungua na kuwa jeupe tupu, liungue, hakuna aliyekuja kuangalia anga. Ila angalia jezi nyeupe: zikianza kupoteza mikunjo na namba mgongoni, punguza kidogo. Kamera kadhaa za bei ya chini za Canon haziruhusu fidia ukiwa kwenye M na ISO otomatiki. Ukiwa na hiyo, toa otomatiki, pangilia ISO kwa mkono ukitazama uso wa mchezaji kwenye skrini, na ujizoeshe kuipandisha kila mpira unapotoka na unahisi mwanga umebadilika.

Ili uone jinsi namba zinavyotembea, chukua jioni moja ya mawingu ya kawaida pale Sokoine, nikiwa na lenzi ya kuvuta iliyoganda kwenye f/5.6. Saa 10 mwamuzi anapuliza, niko 1/1250 na ISO inacheza karibu na 800. Saa 11, mapumziko yakikaribia kwisha, 1/1000 na ISO 1600. Saa 11 na nusu ni 1/1000 na ISO 3200. Ikikaribia saa 12, mawingu yakiwa yameshuka na manyunyu yameanza, 1/1000 inadai ISO 6400, nimegonga kikomo. Giza likizidi nashusha shata kwa hatua ndogo, 1/800 kisha 1/640, au nabadilisha lenzi. Mara nyingi nabadilisha lenzi. Kwa 85 mm kwenye f/1.8, mwanga uleule wa ISO 6400 unakuwa ISO 640, na ninaanza upya kama vile ni saa 10.

Fokasi sasa, yaani mahali kamera inapoweka ukali wa picha. Weka kamera kwenye fokasi ya kufuata, inayoitwa AI Servo kwa Canon na AF-C kwa Nikon na Sony. Ile ya mara moja inashika alipokuwa mchezaji, na ukibonyeza ameshahama. Kwenye kamera za DSLR, zile zenye kioo ndani, za bei ya kawaida tumia nukta ya katikati peke yake. Kwa kawaida ndiyo yenye nguvu zaidi mwanga ukiwa mdogo, nyingine za pembeni zinatapatapa. Ilenge kifuani, penye namba au nembo au ukingo wa kola, maana fokasi inatafuta mahali ambapo weusi na weupe vinakutana. Jezi ya rangi moja isiyo na maandishi kwenye ukungu haiipi kitu cha kushika. Siku ya ukungu Njombe niliishi kwa kulenga mstari kati ya bukta na jezi. Kamera mpya zisizo na kioo ndani (mirrorless), zenye kutambua uso na jicho, zinafanya kazi nzuri hapa, ila ukungu mzito na tundu dogo vikikutana hata hizo huyumba.

Hamisha pia kazi ya fokasi kutoka kitufe cha kupigia kwenda kitufe cha nyuma, kile cha kidole gumba. Menyu ya kamera karibu zote inaruhusu. Gumba likiwa limebonyeza, fokasi inafuata. Ukiliachia, fokasi inabaki pale ilipo. Mwamuzi akipita mbele yako unaachia gumba, fokasi haimrukii. Kwenye kona najipanga hivi: nalenga mtu aliyesimama nguzo ya karibu, nabonyeza gumba, naachia, kisha nasubiri krosi nikiwa na fokasi iliyokwishakaa. Mpira ukifika pale, napiga bila kuisubiri kamera itafute. Kwa kamera inayochelewa kufokasi gizani, njia hii inaokoa picha nyingi.

Kama kamera yako inapiga picha 3 kwa sekunde, kubonyeza mfululizo hakutakusaidia sana. Kati ya picha na picha mpira umeshasafiri mita kadhaa. Jifunze kubonyeza kabla. Na kuna nyakati ambazo mchezo wenyewe unapunguza mwendo: mrukaji akifika juu kabisa ya ruko lake husimama kidogo kabla ya kuanza kushuka. Kichwa cha kona, smashi, ribaundi ya kikapu, mfungaji wa netiboli aliyenyoosha mikono kuelekea pete, vyote vina kilele. Ukikipatia kilele hicho, hata 1/400 inakupa uso mkali. Mwanga ukiisha kabisa mimi huwinda vilele tu, pamoja na penalti kabla haijapigwa, kocha kwenye mstari, wachezaji wa akiba waliojifunika majaketi, na shangwe. Shangwe za goli ni zawadi: watu wanakukimbilia, wanakumbatiana, wanatulia.

Au geuza kabisa. Shusha shata hadi 1/60, mfuate winga kwa kamera akikimbia kando ya chaki, kasi ya mkono wako ilingane na yake, bonyeza huku ukiendelea kumfuata hata baada ya kubonyeza. Nyuma inakuwa michirizi, yeye anabaki kidogo mkali. Nyingi zitaharibika. Fanya hivyo ukishapata picha za kazi, na ni mahali pekee ninapokubali shata ndogo kwa mtu anayekimbia, kwa sababu hapo naitaka mimi.

Kikapu cha usiku chini ya taa, ngumi kwenye kumbi za mjini na mabonanza ya vyuo vina tatizo lao ambalo uwanja wa wazi hauna. Umeme wetu ni wa 50 Hz, na taa nyingi za zamani, zile ndefu za mrija na zile kubwa za viwanjani zinazochelewa kuwaka, huongezeka na kufifia mara 100 kwa sekunde. Macho hayaoni. Shata ya 1/1000 inaona, kwa kuwa inachukua sehemu ya kumi tu ya pigo moja la taa. Ndiyo maana unapiga picha tatu mfululizo bila kugusa chochote, ya kwanza inatoka ya manjano, ya pili giza, ya tatu nzuri. Vijana wengi wanadhani kamera imekufa. Kamera ni nzima kabisa.

Ukiwa na kamera yenye kizuia kupepesa kwa taa (anti-flicker), kiwashe kwenye menyu; kamera itasubiri kidogo sana hadi taa iwe kwenye kilele chake ndipo ifungue shata. Kama huna, piga mafungu mafupi ya picha tatu au nne kwa kila tukio, utapata moja iliyoangukia mahali pazuri. Kwa mtu aliyetulia, bondia kwenye kona yake akipulizwa maji, shuka hadi 1/100: hapo shata inachukua pigo zima la taa na kila picha inatoka na mwanga uleule. Na kama kamera yako haina kioo, zima shata ya kimya, ile ya kielektroniki, ukiwa chini ya taa hizi, vinginevyo utapata mistari ya giza iliyolala kwenye picha. Tumia shata ya mitambo.

Rangi nayo usiiachie otomatiki ukumbini, maana itayumba na taa. Nachukua karatasi nyeupe, naishika pale wachezaji watakaposimama, naipiga na kuiweka kuwa kipimo cha weupe. Dakika moja, kabla watu hawajajaa. Zambarau ya Mbeya City ni rangi ngumu: chini ya taa za LED za bei rahisi inakimbilia kwenye buluu, na mashabiki watakwambia hiyo siyo jezi yao. Kwa sababu hiyo ukumbini napiga RAW, faili ghafi lisilobanwa na kamera, nirekebishe rangi baadaye. Uwanjani mchana wa mawingu napiga JPEG, faili dogo lililokwishabanwa, kwa kuwa kamera ya bei ya kawaida ikipiga RAW chache mfululizo inajaa na kugoma, na inagoma goli likiingia. Kwa taa ndefu za ukumbi wa shule, anzia 1/500, f/1.8, ISO 3200, kisha tazama uso na upande au ushuke kutoka hapo.

Flashi ya juu ya kamera iache ilale. Kwa f/5.6 na ISO 1600 nyingi hazifiki hata mita 10, kwa hiyo kipa aliye mita 20 hapati kitu, ukungu na manyunyu yaliyo mbele yako ndiyo yanayong'aa, na mpiga penalti anaweza kupofuka kwa sekunde anayoihitaji. Ukumbini kwenye ngumi usiiwashe kabisa bila mwamuzi na kambi zote mbili kukubali.

Mengine kwa haraka. Baridi ya Juni huku usiku hushuka chini ya nyuzi 10 na betri huisha mapema, kwa hiyo betri ya akiba ikae mfuko wa ndani wa koti, si kwenye begi. Ukitoka uwanjani kwenye baridi ukaingia mgahawani penye mvuke wa supu, acha kamera ndani ya begi lililofungwa zipu hadi ipate joto, la sivyo lenzi itajaa matone hadi ndani. Ukipiga Makambako, upepo wake unayumbisha lenzi ndefu. Beba monopodi, stendi ya mguu mmoja, au keti chini, kiwiko juu ya goti.

Nyumbani, nikifungua picha, naanza kwa kufuta zisizo na uso mkali, bila huruma, kabla sijagusa rangi. Zinazobaki napunguza chenga kwa kiasi kidogo. Chenga za rangi, yale madoa mekundu na ya kijani, naziondoa zote. Chenga za mwangaza naacha nusu, kwa kuwa ukizifuta zote ngozi inapoteza ngozi yake na nywele zinakuwa bonge moja. Ukali naongeza mwisho, baada ya kupunguza ukubwa wa picha, si kabla. Nikikata fremu nakata kidogo, kwa sababu kila ukikata unakuza na chenga pia.

Kisha natuma. Kwa makocha na wazazi nahifadhi nakala ya upande mrefu wa pikseli 2,048, na kwenye WhatsApp naituma kama dokumenti, si kama picha. Ukiituma kama picha programu inaibana, na picha ya ISO 6400 ikibanwa mara ya pili inageuka vibonge. Mzazi akitaka kuchapisha 5 kwa 7, naichapisha kutoka kwenye faili kubwa la studio, sichapishi ile aliyonionyesha kwenye simu yake.